Aliyeuza Mbuzi Kauza na Mgomba

Ndugu msikilizaji, leo nina deni la kulipa. Anayenidai ni mama yangu mzazi. Yuko Kasulu, na redio yake imekwisha betri tangu soko la juma lililopita, kwa hiyo hatanisikia. Basi naomba nilitaje deni hilo mbele yako wewe uliyeko mjini, maana nina wasiwasi kwamba huenda nawe unadaiwa la namna hiyo hiyo na hujui.

Deni lenyewe ni mbuzi saba.

Mwaka jana, mwezi Agosti, sisi watoto wa mama mmoja tunaoishi Dar es Salaam tulikutana Tabata nyumbani kwa kaka yetu mkubwa. Kila mwenye mzazi bara anakijua kikao cha aina hiyo. Pilau lipo, soda zipo, na ajenda ni moja tu: Mama amezeeka. Wetu amevuka miaka sabini, na mwaka huo alikuwa ameanguka mara mbili akipanda kutoka bondeni na mzigo wa majani kichwani. Kaka ni mtu wa hesabu, alikuwa amekwisha kupanga kila kitu. Mbuzi sita wauzwe. Shamba apewe jirani alime kwa kugawana mavuno. Nyumba ipigwe kufuli, mama apande basi aje akae na wajukuu. Hakuna aliyepinga, hata mimi. Nikachaguliwa kwenda kumweleza kwa sababu, walisema, mimi kazi yangu ni kusema.

Kwa asiyepafahamu kwetu, ukiwa Kigoma mjini, ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, uko mita 770 na ushei juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo barabara inapanda, inapanda tena, na ukifika upande wa Heru Juu umekaribia mara mbili ya kimo kile. Ni vilima nyuma ya vilima, migomba kuzunguka nyumba, maharage mpaka mabondeni, na baridi ya Julai inayomtoa machozi mtu aliyezoea joto la Kariakoo. Ukiendelea kaskazini unaingia Kibondo, jirani na mpaka wa Burundi. Hiyo ndiyo nchi ya Waha, wenyewe tunaiita Buha. Wewe wa mjini unatujua kwa maharage ya Kigoma, na pengine kwa utani juu ya jinsi tunavyosalimiana kwa kuinama na kupiga makofi.

Nilifika jioni, nikalala bila kusema nilichotumwa. Alfajiri nikaamshwa na sauti ya fagio. Mama yangu haanzi siku kwa chai. Anaanza uvunguni mwa banda la mbuzi. Banda lenyewe limeinuliwa juu ya nguzo, kimo cha mtoto wa darasa la kwanza, na sakafu yake ni fito zilizopangwa zikiachiana nafasi ya kidole, ili samadi na mkojo vianguke chini na mbuzi walale pakavu. Kilichoanguka usiku anakikusanya, anakimwaga kwenye lundo, na juu yake anatupa majivu ya jikoni na majani makavu ya mgomba. Ndipo anapowatoa mbuzi mmoja mmoja, kila mmoja na kamba yake na kigingi chake. Ndipo anaponawa mikono na kubandika chai.

Ilikuwa Septemba, mwezi mgumu kwa mnyama. Mvua zetu ni za msimu mmoja mrefu, zinaanza Oktoba na kukoma Mei, na Septemba vilima ama ni vya manjano kwa ukame ama vyeusi kwa moto. Mbuzi wanakula nini? Wanakula shina la mgomba uliokwisha kukatwa mkungu, likikatwakatwa kwa panga. Wanakula mabua ya mahindi yaliyohifadhiwa darini, na marando ya viazi vitamu kutoka bondeni ambako bado kuna unyevu. Wanakula maganda ya ndizi, na maganda ya muhogo pia, ila hayo mama huyaanika kwanza mpaka yakauke sawasawa, maana muhogo mchungu una sumu na mbuzi akishiba maganda yake mabichi anaweza kuanza kuhema, akaanguka na kufa. Nilikaa pale siku nne, msikilizaji, na sikuona jalala. Nikakumbuka kwamba Dar es Salaam ninalipa mtu kila mwezi aje achukue maganda ya ndizi.

Kuhusu zile kamba, zisikupite hivi hivi. Mashamba yetu hayana uzio. Maharage yakishaota, mbuzi aliyekata kamba kwa nusu saa tu anaweza kumaliza matuta mawili ya jirani, na hapo kesi inakwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji, na uhusiano wa miaka thelathini unaingia doa. Nilipokuwa mtoto kazi ya kuangalia kamba ilikuwa yangu. Siku moja nilizama katika kusoma kipande cha gazeti kilichokuwa kimefungia sukari, beberu letu likavuka mfereji. Fimbo nilizopigwa siku ile ndiyo ada yangu ya kwanza katika taaluma ya habari. Ada ya pili nitaisema sasa hivi.

Siku ya pili nikatoa ujumbe. Nilisema vizuri, nadhani, kwa mpangilio, kama ninavyosema hapa. Mama alisikiliza mpaka mwisho akipepeta maharage. Hakubisha. Aliweka ungo chini akasema, "Njoo mwanangu nikuonyeshe kitu."

Akanipeleka kwenye migomba. Ile iliyo juu, inayozunguka nyumba na banda, ilikuwa minene, majani yake yamefumana mpaka chini yake kuna giza, na mikungu imeegeshewa miti isianguke. Tukashuka kidogo, hatua kama arobaini. Pale migomba ilikuwa michache, myembamba kama mikono ya mgonjwa, na katikati yake amepanda muhogo.

"Ile ya juu ni ya mbuzi," akasema. "Hii ya chini ni ya ada yako."

Sikuelewa mara moja, au niseme ukweli, nilielewa mara moja nikajifanya sijaelewa. Mwaka 2003 nilipata nafasi ya kusomea stashahada ya uandishi wa habari Dar es Salaam. Baba alikwisha kufariki. Ukoo ulichanga ulichochanga, na kilichopungua mama akakitafuta mnadani. Aliwaswaga mbuzi saba, wote aliokuwa nao, akarudi na kamba saba mkononi. Bei ya jumla haikufika laki moja na nusu. Mimi nikapanda basi mpaka Kigoma, nikapanda treni siku mbili mpaka Dar es Salaam, na katika miaka yote iliyofuata, kila nilipousimulia mkasa huo, niliusimulia kama hadithi ya ushujaa wa mama na ya mbuzi waliotimiza kazi yao. Yaani kwangu hadithi iliishia mnadani.

Kwa mama ndipo ilipoanzia. Mwaka wa kwanza hakukuwa na tofauti, kwa sababu lundo la zamani lilikuwepo. Mwaka wa pili maharage yaliota manjano. Mwaka wa tatu mkungu wa ndizi ukawa wa kubebwa na mtoto kwa mkono mmoja. Alipoona vile, akafanya uamuzi ambao hakuna aliyemshauri: shamba la chini akaliacha life, na majivu, maganda, takataka za jikoni, kila kitu, akaelekeza kwenye ile migomba ya juu ili walau hiyo ipone. Alinieleza hayo bila lawama, kama mtu anayeeleza njia ya kwenda kisimani. Ningefurahi zaidi kama angenigombeza.

Sasa hebu tuzungumze juu ya udongo kidogo. Udongo wa nyanda hizi ni mwekundu, mzuri kuutazama, lakini umechoka. Mvua ni nyingi na vilima vimeinama, kwa hiyo rutuba inaoshwa mwaka baada ya mwaka, na kinachobaki ni udongo wenye uchachu. Maharage yana uwezo wa kujitengenezea sehemu ya chakula chake kutoka hewani kwa msaada wa vijidudu vilivyo kwenye mizizi, lakini mengine lazima yatoke ardhini, na kama ardhini hakuna, hakuna. Mgomba ndio kabisa, ni mlafi. Bustani nene unayoiona nyuma ya nyumba ya Muha haikuumbwa na Mungu siku ya tatu. Imejengwa kwa debe, asubuhi kwa asubuhi, na mtu fulani mwenye fagio. Mara nyingi mtu huyo ni mwanamke.

Ndiyo maana kuhamishwa kwetu kuliuma kwa namna ambayo watu wa ofisini hawakuiona. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliwakusanya watu wengi wa Buha kwenye makazi ya pamoja kwa ajili ya kupambana na mbung'o na malale. Kisha mwaka 1972 ikaanza Operesheni Kigoma, na watu wa mkoa huu wakatolewa kwenye miji yao iliyotawanyika vilimani wakapelekwa kwenye vijiji vya ujamaa, hata kabla Mwalimu Nyerere hajatangaza, Novemba 1973, kwamba kuishi vijijini sasa ni amri kwa nchi nzima. Sina nia ya kuufufua mjadala huo. Shule niliyosoma mimi ni zao la kijiji kile, na zahanati ambako wadogo zangu walizaliwa pia. Lakini mama, aliyekuwa msichana wakati huo, anasema waliruhusiwa kubeba vyungu, majembe, mbuzi na kuku. Udongo haubebeki. Kule mlimani waliacha migomba iliyolishwa na vizazi vitatu, na huku chini walipewa ekari za majani ambazo hazikuwahi kuonja samadi. Mpaka leo watu wa kwetu wanatembea mwendo mrefu kwenda kulima kwenye mahame, yaani pale palipokuwa na nyumba zamani, kwa sababu hata baada ya nusu karne, mahindi ya mahameni bado yana rangi tofauti.

Utasema, mbona kuna mbolea ya dukani? Ipo, na inasaidia sana, sitaki mtu anielewe vibaya. Lakini mwaka 2021 na 2022 sote tuliona bei ya mfuko wa kilo 50 wa DAP ikipita shilingi laki moja, mpaka serikali ikaleta ruzuku msimu wa 2022/23. Kwa mjane mwenye ekari moja na nusu, laki moja ni mbuzi mzima au zaidi. Auze mbuzi anunue mfuko? Mfuko unakwisha msimu mmoja. Mbuzi jike hubeba mimba miezi mitano, mara nyingi anazaa mapacha, na kila usiku anaangusha kitu kupitia zile fito.

Hapa lazima nijisahihishe. Mara nyingi katika kipindi hiki nimesema kwamba mbuzi ni benki ya mkulima mdogo. Ni msemo mzuri, wataalamu wanaupenda. Nilipousema mbele ya mama aliniuliza: ukitoa fedha zako benki, jikoni kwako chakula kinapungua? Nikasema hapana. Akasema basi si benki.

Alipataje mbuzi wengine? Nami nilimuuliza hivyo, kwa aibu, maana tangu nianze kazi nilikuwa nikimtumia fedha za sukari, za mabati, za hospitali, na sikuwahi kumtumia mbuzi hata mmoja. Hata mahari yangu haikusaidia. Nilipoolewa mwaka 2009 orodha ya ukoo ilisema mbuzi sita. Waliletwa ndani ya bahasha, kama ilivyo desturi siku hizi, wajomba na baba wakubwa wakagawana. Mama alipoletewa sehemu yake alicheka, akasema mbuzi wa bahasha hana samadi.

Aliyemwokoa ni shangazi wa Kibondo, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Mabamba karibu kabisa na mpaka. Mwaka 2007 shangazi alimpandisha mbuzi jike juu ya basi, akamfunga kwenye mizigo, akashuka naye Kasulu akiwa mzima ila amekasirika sana. Hakumpa mama mbuzi yule. Alimkabidhi. Masharti yalikuwa haya: watoto wawili wa kwanza ni wa shangazi, wa tatu ni wa mama, halafu wanaanza kuhesabu upya, na samadi yote ni ya anayelala na mnyama. Ni desturi ya zamani kwetu. Katika Buha ya kale mwenye ng'ombe alimkabidhi mtu ng'ombe, mtunzaji akapata maziwa na samadi, naye akawajibika kumtumikia mwenye ng'ombe. Waliuita ubugabire. Ulikuwa na unyonge wake, maana ulimfunga mtu kwa mtu maisha yote. Lakini baina ya wifi na wifi, masharti hayo yanaweza kuwa heshima tu.

Asili ya mbuzi yule wa shangazi nayo ina habari yake. Tarehe 21 Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na siku zilizofuata watu kwa maelfu walivuka kuingia Kibondo na Kasulu. Lugha ilikuwa karibu ile ile, Kiha na Kirundi vinasikilizana bila mkalimani. Wengine walivuka na godoro, wengine na mtoto mgongoni, wengine na mbuzi. Shangazi alinunua mbuzi mmoja kwa mama mmoja mkimbizi kwa debe moja la maharage. Bei hiyo ilikuwa ya njaa, na shangazi alilijua hilo wakati anaipima. Ananiambia kwamba alimwahidi yule mama mwanambuzi wa kwanza atakapozaliwa, na akamtunza huyo mwanambuzi hadi akawa mkubwa, akazaa naye. Yule mama alipelekwa kambini, hakurudi kumdai. Ukoo wa mbuzi walioko nyumbani kwetu leo unatokana na huyo wa ahadi. Shangazi bado anasema ni wa mwenyewe. Mwaka 2015 wakimbizi walipovuka tena, alikuwa akisimama njiani kuwatazama nyuso.

Usidhani nimemaliza kwa kumpa mama ushindi wote. Ule mteremko wa kutoka bondeni ni mkali, nami niliupanda nyuma yake nikiwa sina mzigo nikatweta. Magoti yake yanauma. Akianguka jioni kule chini, nani atamsikia? Nilimuuliza hivyo, naye kwa mara ya kwanza hakuwa na jibu la haraka. Alinyamaza, akavuta kamba ya mbuzi mmoja kuilegeza, akasema, "Dar es Salaam nitaanguka sebuleni. Mtanisikia. Halafu?"

Tukakaa tukazungumza kama watu wawili wenye shida moja. Jirani ana kijana aliyemaliza darasa la saba, hana kazi. Atakata majani bondeni na kuyapandisha kila siku, na mama hatashuka tena wakati wa mvua. Nilitaka tumlipe kijana kwa mwezi kutoka Dar es Salaam. Mama akakataa. Alisema kijana wa mshahara mkichelewa kutuma atatoroka, lakini akipewa kila mwanambuzi wa tatu awe wake, atawaangalia hata usiku. Sisi wa mjini tukapangiwa kazi yetu: bati nne za kuezekea banda upya, dawa ya minyoo mara mbili kwa mwaka, na chanjo ya sotoka ya mbuzi na kondoo, ugonjwa ambao ulithibitishwa nchini mwetu mwaka 2008 na unaoweza kusafisha banda zima kwa juma moja. Na mjukuu mmoja aje kila likizo ya Desemba. Hilo la mwisho mama hakuliweka kama ombi.

Siku ya nne tulibeba samadi, mimi na yeye, kabla ya mvua kuanza. Debe kichwani, mikono yangu ya kushika kipaza sauti ikatoka malengelenge kwa mpini wa jembe. Nilielekea kwenye migomba ya juu kama kawaida. Akaniita. Akaninyooshea kidole kule chini, kwenye ile ya ada yangu. Tulimwaga madebe kumi na tisa pale, akasema ya kuanzia yanatosha, migomba ikionja itasema yenyewe.

Usiku ule kaka alipiga simu kutoka Tabata. Alitaka kujua mbuzi wameuzwa kwa kiasi gani. Nikamwambia yule mwenye mabaka amezaa jioni hii, mapacha wote majike, sasa wamekuwa wanane. Simu ikawa kimya kidogo, nikasikia watoto wake wakicheza nyuma. Halafu akauliza bati moja Kasulu inauzwaje.